Nyati Achagua Mkweme

Hapo zamani za kale, kuku alipokuwa bado hajajua kwamba yai lake linaliwa, wanyama walijenga nyumba, wakalima, wakaoana na kugombana kama sisi. Na wewe hapo nyuma, acha kumfinya mwenzio! Hadithi yangu sirudii.

Basi, kwenye mteremko wa mlima alikaa Kindi na mkewe, Naetwe. Naetwe alikuwa mjamzito. Mwaka uliotangulia alizaa, maziwa yakagoma kutoka, na watoto wakafa wote wawili. Kindi alilia mpaka macho yakavimba.

"Safari hii," akaapa, "mke wangu atakula kweme!"

Kweme mnazijua? Wapi! Ninyi mnajua biskuti tu. Kweme ni mbegu bapa, zenye mafuta tele. Ukizikaanga, harufu inafika kwa jirani kabla hujamwita. Ukizikamua, unapata mafuta ya kupikia. Na mama aliyejifungua akizila, maziwa humjaa. Mmea wake, mkweme, hutambaa ukaukwea mti mpaka kileleni, ukatoa maua ya zambarau yenye nyuzinyuzi, kisha matunda makubwa kama mitungi.

Kindi alikuwa na mikweme miwili, ameipanda kwa mkono wake mwenyewe. Mmoja ulikwea mringaringa, mwingine ulikwea mkuyu. Ilikuwa ndiyo kwanza inachanua, mara, gudu! gudu! gudu! Nyati huyo.

"Nani kapanda mimea katika msitu wangu?"

"Shikamoo, Bwana Nyati. Ni mimi."

"Marahaba. Msitu wangu, kweme zangu! Lakini mimi si mchoyo. Mmoja wangu, mmoja wako. Na anayechagua ni mimi."

Kindi akaitazama mikweme yake. Wa kwenye mringaringa ulikuwa umejaa maua, vishada kwa vishada. Wa kwenye mkuyu ulikuwa na ua moja hapa, jingine kule, lakini kila ua lilikaa juu ya kitunda kidogo kama kunde.

Sasa sikilizeni vizuri. Bibi yake Kindi alimfundisha kwamba kuna mkweme dume na mkweme jike. Dume huvaa maua mengi, na hazai maisha yake yote. Jike ndiye anayezaa. Lakini jike naye asipokuwa na dume karibu, ili nyuki wawapitie wote wawili, hapati hata tunda moja. Nyati hayo hakuyajua, na kuuliza hakuuliza.

Kindi akaangua kilio. "Oo, Bwana Nyati! Chukua wa mkuyu, huu wa mringaringa niachie! Tazama ulivyochanua! Mke wangu mjamzito, nihurumie!"

"Ahaa! Umeniona mjinga, siyo? Nachukua huohuo wa mringaringa!"

"Jamani, Bwana Nyati!"

"Jamani nini? Tena tunapanda isale hapa katikati, usije ukanigeuka."

Isale ni mmea wa mpaka. Ukishapandwa, umepandwa, hakuna kuuvuka. Nyati alichimba shimo kwa pembe yake mwenyewe, akaupanda, akaunguruma: "Atakayevuka hapa kugusa cha mwenzake, msitu mzima umtemee mate!"

"Umtemee mate," Kindi akaitikia huku anafuta machozi. Alipofika nyuma ya nyumba akacheka, kwi kwi kwi!

Naetwe hakucheka. "Mume wangu, unafurahia nini? Dume liko mikononi mwa Nyati. Je, akilitafuna? Akililalia likavunjika? Na mimi watoto nitawanyonyesha nini?"

Kicheko kikamkauka Kindi mdomoni. Usiku ule hakupata usingizi, maana mkewe alisema kweli.

Asubuhi akakimbia mpakani. Akamkuta Nyati ametoa ulimi nje, amekaribia kishada cha maua.

"Hebu nionje kimoja tu," Nyati alikuwa anajisemea.

"Weee! Bwana Nyati, usithubutu! Ua moja ulilokula ni tunda moja ulilopoteza!"

Nyati akarudisha ulimi haraka. "Eti?"

"Maua yangu mimi nayahesabu kwa vidole. Yako hata sijui nianzie wapi. Lo! Ningekuwa wewe ningehamia hapahapa. Nyani hawalali, na nguruwe wanachimbua mashina."

"Nguruwe? Wajaribu waone!"

Nyati akahamia chini ya mringaringa. Nyani wakija, anawatimua. Nguruwe wakija, wanapigwa pembe. Na samadi yake, msicheke, ilirutubisha shina mpaka likanenepa. Nyuki, vuuu, walitoka kwa Nyati wakaenda kwa Kindi, wakarudi. Nyuki hawana habari na mipaka ya mtu.

Miezi ikapita. Kwa Kindi, vitunda vikawa mitungi. Kwa Nyati, maua yakanyauka, yakaanguka, yakaisha.

Naetwe akajifungua watoto watatu siku ileile tunda la kwanza lilipopasuka, paaa! Kindi akabangua mbegu, akakaanga, akamlisha mkewe kwa mkono wake. Maziwa yakaja. Watoto wakanyonya, wakashiba, wakalala. Kindi akalia tena, na safari hii ilikuwa furaha tupu.

Harufu ya kukaanga ikamfikia Nyati. Akaja mpakani, macho mekundu.

"Wewe Kindi! Kweme zangu ziko wapi?"

"Bwana wangu, nani alichagua? Na isale nani aliipanda?"

Nyati akatazama isale, asiweze kuvuka. Akapiga kwato chini. "Basi naung'oa huu wangu sasa hivi, mmea usiozaa wa nini!" Akaingiza pembe chini ya shina.

Moyo wa Kindi ukafanya pa! Dume likifa, mwakani Naetwe atakula nini? Lakini uso wake haukutikisika.

"Ung'oe," akasema. "Ila nijibu kwanza. Panya hubeba mimba muda gani?"

"Wiki tatu hivi. Ya nini?"

"Na tembo?"

"Karibu miaka miwili."

"Kwa nini?"

"Swali gani hilo! Si kwa sababu tembo ni mkubwa?"

"Haya. Mkweme wangu ulikuwa na maua kumi. Wako ulikuwa na maua elfu. Nani panya, nani tembo?"

Nyati akainua kichwa kutazama kileleni. Unaweza kumwona mtu anavyofikiri, pole pole, kama anayesukuma jiwe mlimani.

"Sasa ung'oe haraka," Kindi akasema, "nipe hilo shina nikalipande kwangu."

"Wee! Koma! Usiuguse mmea wangu!"

Nyati akachomoa pembe taratibu, akalifukia shina vizuri kwa kwato, akajilaza palepale alinde. Mwaka uliofuata Naetwe alizaa watoto wanne, wote wakanyonya. Na Nyati yupo tu chini ya mringaringa, anawafukuza nyani, anangoja miaka yake ya tembo.

Mwenye nguvu asiyeuliza huishia kulinda shamba la mwenzake.