Mizani ya Marehemu Makungu

Zamani, zamani za kale kabisa, wajukuu zangu, wanyama walipokuwa wakikaa matanga na kupikia wageni kama sisi, ilikuwapo Ijumaa moja, tarehe sita Shaabani. Saa nne na robo asubuhi, Mzee Makungu Pimbi aliegemea ukuta wa pango lake, akatamka shahada, akanyamaza. Hakusema tena.

Alimwacha mkewe, Bi Mwanasha, na watoto wanne. Aliacha pango lenye chemchemi, na nchi nzima wakati huo imekauka. Na aliacha mizani.

Mizani yenyewe ilikuwa gogo refu la mninga, limelazwa juu ya jiwe jembamba mbele ya mlango. Ncha moja ilikuwa juu ya korongo la kulia, ncha ya pili juu ya korongo la kushoto. Mzee alitundika kikapu huku na kikapu huku, akapimia majirani matunda yao.

Hata visivyotundikika alipenda kuvipima. Ukimpelekea ugomvi, alikuuliza, "Usingizi wako na shamba la jirani, kipi kizito?" Ukarudi kwako kimya, unafikiri.

Basi, siku ya tatu ya matanga, wanawake wakiwa wanaosha masufuria, vikasikika vishindo. Ti! Ti! Ti!

Chui huyo. Na nyuma yake Fisi.

"Poleni na msiba," alisema Chui.

"Tumeshapoa," alijibu Bi Mwanasha, nyuma ya pazia la mlango.

"Hatukuja kulia, Bi Mwanasha. Bwana wa nyumba amekufa, na maji tunayataka. Jua likifika utosini, utoke na vitoto vyako."

"Nina eda, Bwana Chui. Miezi minne na siku kumi. Nitatokaje?"

"Utaimalizia porini!" alisema Fisi. "Hi hi hii!"

Bi Mwanasha alichungulia juu. Tai alikuwa akizunguka, polepole, mbawa wazi. Watoto wa pimbi wakitolewa kwenye mawe, alasiri haitawakuta.

Lakini alikuwa amekaa na mpimaji miaka ishirini, na jicho lake lilikuwa limejifunza. Alimtazama Chui, amenona. Akamtazama Fisi, mbavu nje kwa ukame.

"Mmekuja msibani," alisema. "Mgeni wa matanga haondoki na njaa. Kaeni mle kwanza."

Chui alipewa sinia moja la ubwabwa. Fisi alipewa moja, akafuta. Akapewa la pili, akafuta. La tatu.

"Ongeza, Bwana Fisi, usione haya."

"Haya? Mimi?" Fisi alicheka, wali ukamtoka puani.

Bi Kanga, jirani aliyekuwa akipakua, alinong'ona, "Shoga! Unamshibisha mwizi?"

"Wewe pakua tu."

Sinia la nne lilipofika nusu, Bi Mwanasha alimtazama tena Fisi, kisha Chui, akasema, "Basi, Bi Kanga. Inatosha."

Kisha akawageukia wageni. "Nyumba hii ina mlango mmoja na kitanda kimoja. Kati yenu, bwana wake ni nani?"

Waliinuka wote wawili.

"Mimi," alisema Chui.

"Mimi," alisema Fisi.

"Wewe? Mla mabaki wewe!"

"Na wewe mwenye madoa kama ugonjwa!"

Chui alitoa kucha. Fisi alitoa meno. Wanawake wakakumbatia masufuria yao.

"Msimwage damu matangani," alisema Bi Mwanasha. "Marehemu mizani yake ile pale. Alikuwa akipima."

Fisi alijishika tumbo, likamlia ndu! Akatabasamu. "Tupimwe! Mzito achukue nyumba!"

"Haya!" alinguruma Chui. "Mfupa wewe utanishinda mimi?"

"Mmesema wenyewe," alisema Bi Mwanasha. "Anzieni katikati. Kila mmoja aende upande wake, hatua kwa hatua. Mimi nitahesabu, msije mkaangushana. Moja."

Kwii, gogo lililia.

"Mbili. Tatu."

Saba ilipotimia, walikuwa nchani, kila mmoja juu ya korongo lake. Gogo likatulia, limenyooka sawasawa.

"Hakuna mzito," alisema Chui. "Upuuzi mtupu. Nashuka." Akageuka, akainua mguu kurudi.

Gogo likalalia upande wa Fisi. Kucha za Fisi zikateleza. Krrr! Mawe yakaporomoka, na mlio wa kufika chini ukachelewa sana.

"Weee! Rudi! Nikianguka mimi, gogo litakutupa na wewe!"

Chui alirudisha mguu.

"Turudi pamoja, Fisi. Polepole."

"Pamoja? Ili uruke mbele unitupe? Nakujua!"

"Basi anza wewe."

"Nianze, uniwahi katikati? Au ubaki nyuma, gogo linirushe? Aa-aa!"

Hakuna aliyesogea. Jua lilifika utosini, likawapiga. Fisi alianza kutetemeka, na gogo likatetemeka naye.

"Waache waanguke!" alisema Bi Kanga.

Wanawake wote walimtazama Bi Mwanasha. Angenyamaza tu, mambo yangekwisha.

"Nina maiti mmoja," alisema mwisho. "Ananitosha."

"Bi Mkubwa!" alilia Chui. "Tuhesabie basi! Ukihesabu wewe tutarudi sawa!"

"Nitahesabu. Lakini mume wangu alikuwa akipima kwanza. Pango langu na roho zenu, kipi kizito?"

"Roho, Bi Mkubwa!"

"Na wewe, Bwana Fisi?"

"Roho! Roho! Wallahi, roho!"

"Apeni, majirani wasikie, kwamba hamtaukanyaga mlango huu wala kugusa watoto wa marehemu."

Waliapa, sauti zikikatika. Ndipo mjane, bila kuvusha unyayo wake kizingitini, akahesabu: "Moja... mbili... usiharakishe, Bwana Chui... tatu..."

Kwenye saba walishika jiwe. Hawakuaga. Mmoja alishika njia ya mashariki, mwingine ya magharibi, kila mmoja akigeuka nyuma kumtazama mwenzake. Na Bi Mwanasha alikaa eda yake yote, akaimaliza.

Wajukuu zangu, wenye nguvu wawili wasioaminiana ni wepesi kuliko mnyonge mmoja anayejua kupima.

Mola amrehemu Mzee Makungu. Na babu yenu, aliyenihadithia haya akiwa mzima, Mola amsamehe, amwangazie kaburi lake, na siku ya mizani ile kubwa, mema yake yawe mazito. Amina.