Kibali cha Kumgusa Paa Nunga

Palikuwa na sultani mmoja, Haidari jina lake, aliyependa mhuri kuliko pilau ya paa, na pilau ya paa ilikuwa haikosekani kwake. Siku moja akaambiwa paa nunga, wale paa wadogo wa msituni, wamekaribia kwisha. Akasikitika, akala, akatoa amri: asiye na kibali chenye mhuri wa Sultani asimguse paa nunga, asimtibu, wala asimhesabu.

Sasa Bi Mize, mkata ukindu, mjane asiye na mbele wala nyuma ila ulimi anao, alikuwa akiwaangalia paa wale miaka na miaka. Akaenda kwa Waziri Burhani kuomba kibali.

"Paa wako wangapi?" Waziri akauliza.

"Ndiyo nataka nikawahesabu."

"Kibali hakitolewi mpaka useme idadi yao."

"Na idadi siipati mpaka nipate kibali."

"Umeelewa vizuri, bibi. Nenda kasubiri. Kibali hakina haraka."

Akasubiri miezi saba. Wa nane akamkuta paa jike msituni, mimba kubwa, mguu umenasa kwenye mtego wa kamba. Wewe ungefanyaje? Akaikata kamba, akambeba mpaka kwake, akamfunga dawa. Majirani nao hawana dogo, kesho yake askari wako mlangoni.

Barazani Sultani amevimba.

"Umemgusa paa bila kibali?"

"Nimemgusa, Mwinyi. Alikuwa anakufa."

"Angekufa kwa utaratibu," Waziri akadakia.

Sultani akahukumu. "Mrudishe mtegoni kama ulivyomkuta, kisha ndiyo uombe kibali."

Bi Mize alijua yatakayofuata. Paa yule akirudi mtegoni hamalizi siku, yeye na mtoto aliye tumboni. Lakini akainama kwa adabu zake zote.

"Amri yako juu ya kichwa changu, Mwinyi. Ila kumrudisha ni kumgusa, na kumgusa kunataka kibali."

Nyie mnaocheka, subirini kwanza.

"Mwandikieni," Sultani akasema kwa hasira.

"Cha muda gani, Mwinyi?" Bi Mize akauliza.

"Mpaka umrudishe alipokuwa!"

Mhuri ukagongwa. Bi Mize akakitia kibali kifuani, akaenda zake kumuuguza paa. Mguu ukapona, mtoto akazaliwa, na paa wengine wakahesabiwa mmoja mmoja, kwa raha. Mwezi wa tatu Sultani akamwita, naye Bi Mize akamkuta yuko mezani na wakubwa wake.

"Mbona hujamrudisha?"

"Nimeshindwa, Mwinyi. Mtego niliukata, na mimi kutega sijui. Mwenye mtego ndiye auweke upya, tena aje na kibali chake cha kutegea." Akafungua pindo la kanga, akatoa kipande cha kamba, akakiweka mezani. Kilikuwa kimesukwa kwa hariri nyekundu, na mji mzima unajua hariri nyekundu haifungi kitu ila mapazia ya jumba la Sultani. "Kamba yake hii. Ajitokeze tu, nitamrudisha paa leo leo."

Waziri akatazama dari. Mpishi mkuu akakumbuka ana chungu motoni. Sultani akaitazama kamba, akaitazama sahani yake ya pilau, na tonge likabaki mkononi.

"Hayupo?" Bi Mize akauliza kwa upole. "Basi nitamsubiri, Mwinyi. Kibali hakina haraka."