Ahadi ya Luhende Chini ya Jembe la Trekta

Sogeeni. Anayetafuna atafune kimya, na anayependa kujibu kabla ya kuulizwa akae nyuma kabisa, maana nawajua. Hadithi hii naisimulia kila mwaka na sijapata bado mtu wa kunipa jibu la maana.

Kulikuwa na Kabula, msimamizi wa mashine ya kusaga. Kipaji chake kilikuwa sikio. Injini ikibadili sauti huko ng'ambo ya mto, yeye alikunja uso kama mama aliyesikia mwanawe analia, na alikuwa anajua inataka nini.

Kulikuwa na Maduhu, mchimba visima. Yeye alipewa mgongo. Aliweza kunyanyua tairi la mkokoteni uliojaa mahindi huku anakusalimia, na salamu asiikatize, aulizie mpaka mbuzi wako.

Na kulikuwa na Bibi Nkwimba, mkunga. Mwembamba, vidole vidogo, na hakuna mtu aliyewahi kumwona ana haraka. Nusu ya kijiji ilipita mikononi mwake. Nusu iliyobaki aliiambia wazi kwamba ilizaliwa ovyo.

Sasa Luhende. Kabula ni dada yake wa tumbo moja. Maduhu ni shemeji yake, kaka wa mkewe Minza. Bibi Nkwimba ndiye aliyemtoa tumboni mwa mama yake. Shikeni hilo, litawasumbua baadaye.

Mwaka ule ukame uliua ng'ombe wa kulimia karibu kijiji kizima. Luhende akawahi kuwauza wake wangali hai, akanunua trekta dogo, la kwanza kijijini. Fundi aliyelileta akawafundisha asubuhi moja: rudisha nyuma polepole, simamisha, shuka, ingiza mkono wa kushoto wa trekta kwenye pini ya jembe, kisha wa kulia, kisha ule wa juu. Akamalizia, "Na trekta likiwa linarudi, asisimame mtu katikati yake na jembe." Luhende na Minza wakaitikia. Walivyoitikia! Ungedhani wamezaliwa juu ya usukani.

Mbuga yetu mnaijua. Kabla ya mvua udongo ni tofali. Mvua kubwa ikishuka ni ugali mbichi, hauingiliki. Nafasi ya kulima ni ile ndogo iliyo katikati, na mwaka ule, mawingu yalivyokuwa yamejazana, ilitosha shamba moja tu. Asiyelima hapo, watoto wake wangeshindia uji mwepesi mpaka mwaka mwingine.

Fundi alipoondoka, jembe la chuma lilikuwa limewekwa kwenye kimteremko nyuma ya nyumba. Minza akapanda trekta. Na Luhende akasimama wapi? Katikati! Akili iko wapi? Usimcheke. Tangu utoto, ukifunga ng'ombe kwenye jembe unasimama hapohapo, mgongo kwa jembe, unawaita warudi kwako hatua kwa hatua, nao ukiwaambia "Hoo!" wanasimama. Miguu yake ilikwenda ilikozoea.

Trekta likarudi. Mkono wa kushoto ukaingia kwenye pini wenyewe, tik! Luhende akafurahi, akainama kuingiza wa kulia. Trekta likaendelea kuja.

"Hoo!" akapiga kelele. "Hoo, Minza!"

"Hoo!" naye Minza akaliambia trekta, akauvuta usukani kifuani kwa nguvu zote kama anavuta kamba. "Hoo, Kijivu, hoo!" Kijivu alikuwa ng'ombe dume wao waliyemuuza.

Jembe likainama, likaangukia buti la Luhende, na paja lake likabanwa kati ya jembe na ule mkono wa trekta. Minza akaruka chini, akakimbilia mbele kulishika trekta pembe. Trekta halina pembe. Akaikumbatia ile pua yake ya moto, anavuta huku analia, na magurudumu ya nyuma yanazidi kujisogeza kidogo kidogo.

Sasa tazameni alivyonaswa. Trekta likienda mbele, linaburuta jembe, maana pini moja imeshaingia, na mguu unakwenda na jembe. Likirudi nyuma, paja linasagwa. Mtaniambia, weka jiwe nyuma ya tairi. Jiwe lipi? Huku kwetu hakuna hata kokoto la kumrushia kuku. Luhende akaona kiza machoni. Akapaza sauti mpaka vijiji viwili vikasikia:

"Jamani nakufa! Atakayenitoa hapa, shamba lake litalimwa la kwanza! La kwanza, hata kabla ya langu!"

Kabula ndiye aliyefika mwanzo. Yeye hata ahadi hakuihitaji kumleta, alishasikia injini inalia vibaya. Akapanda, na kwa kuwa alikuwa amemtazama fundi asubuhi ile, akakanyaga klachi, akatoa gia, akakanyaga breki. Trekta likatulia. Lakini breki ile ilikuwa inashika kwa mguu wake tu, akiuondoa trekta linateremka juu ya kaka yake. "Siwezi kushuka," akasema. "Mtu mwingine aje!"

Maduhu akaja anakimbia, ahadi ameisikia kisimani. Akaiona nira ya zamani iliyotupwa kando ya ukuta, akaichomeka chini ya jembe, akaweka bega. Jembe likapanda kiasi cha kiganja, paja likapata nafasi. Mshipa ukamsimama shingoni. Naye akawa amenaswa palepale, kwani akilegea tu, chuma kinarudi kwenye mguu. "Shemeji, toa mguu!"

"Hautoki! Buti limeshikwa!" Na Luhende kwa woga akawa anajivuta, na kila akijivuta nyama inachanika.

Bibi Nkwimba akafika kwa mwendo wake, kikapu mkononi. Alikuwa anatoka kwa mzazi, hajasikia ahadi wala nini. Akalala kifudifudi, akajipenyeza chini ya jembe lililoning'inia.

"Bibi, nikiteleza litakuua!" Maduhu akasema.

"Basi usiteleze." Kisha akamwambia Luhende, "Wewe tulia. Nimetoa watu mahali pembamba kuliko hapa, na wewe ulikuwa mmoja wao. Hata siku ile ulijivutavuta hivihivi."

Akalipasua buti kwa wembe wake, akaukunja ule unyayo, akauzungusha, akautoa. Na alipotambaa kurudi, akaokota na pini ya pili, ile ya upande wa kulia, iliyochomoka jembe lilipoanguka na kuzama kwenye udongo.

Luhende akalia. Akawashukuru wote, akamwita kila mmoja mzazi wake. Halafu Maduhu, akiwa bado anahema, akauliza lile swali:

"Shemeji, tunaanza na shamba la nani?"

"Langu," akasema Kabula. "Bila mguu wangu, mngekuwa mnachimba kaburi sasa hivi."

"Breki ilimtoa?" akasema Maduhu. "Ilimsimamisha palepale aliponasa! Aliyekitoa kile chuma mguuni ni mimi. Na wanangu wako saba, dada, unawajua."

"Mlikuwa mmeshika wote wawili, na yeye bado yumo," akasema Bibi Nkwimba taratibu. "Nasikia alisema, 'Atakayenitoa.' Nani alimtoa?"

"Lakini wewe hukuisikia hata ahadi!" akasema Maduhu.

"Ndiyo maana niliingia bila kupima kwanza."

Minza akaachia pua ya trekta. "Na sisi? Ng'ombe tuliuza wetu!"

Sasa ngojeni, hapa ndipo panaponikera mimi. Minza ameapa hapandi tena trekta. Luhende mguu umevimba kama boga. Anayeweza kuliendesha ni Kabula tu, naye amekaa kwenye kiti, mikono ameikunja. Jembe limelala ubavu, wa kulisimamisha ni Maduhu, naye ameegemea nira yake anatazama mawingu. Na pini imefungwa kwenye pindo la khanga ya Bibi Nkwimba, wala haifungui. Kila mmoja anasema, taja shamba langu na mimi nitafanya kazi.

Akimtaja dada, nyumbani kwa mkewe hatakanyaga tena. Akimtaja shemeji, dada yake atakuwa amekaa na breki bure. Akimtaja bibi, wawili waliosimama na kifo mikononi watasema nini? Na akinyamaza, halilimwi hata moja.

Luhende ameketi chini, mguu uko nje. Yeye mwenyewe bado amebanwa. Tone la kwanza la mvua kubwa limeanguka kwenye boneti ya trekta, likachemka, likakauka.

Haya, wewe wa nyuma uliyekuwa na jibu tangu mwanzo: ungetaja shamba la nani? Sema upesi. Tone la pili hilo.