Vipande vya Uzi wa Mgeni

Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, ndani ya mti mmoja wa mhogo shambani, waliishi sisimizi wasokota nyuzi. Kila jani lilikuwa nyumba, kila nyumba ina vyumba, kila chumba kina kilango. Desturi yao ilikuwa moja: ukipewa uzi, sokota mwingine kama ule, usiulize. Ni heshima, jamani, lakini heshima nyingine hukaribisha msiba.

Bi Mwanasiti alikaa jani la chini kabisa. Binti yake Kibibi alikaa juu, kwenye chipukizi, na vichanga wake. Mama alimpenda binti huyo kuliko macho yake.

Siku moja nzi mweupe akatua kwenye jani la chini, fyuu. Mgongoni kambeba Mgeni, mwenye uzi mrefu na maneno matamu. Akapiga hodi, akaomba asokotewe kama ule. Wakasokota. Soko, soko, soko. Kazi zao wakaziacha. Kila uzi ukazaa Mgeni mwingine. Jani likatoka madoa ya manjano, likajikunja.

Bi Mwanasiti naye alisokota hata miguu ikamlegea. Ndipo akamsikia Mgeni akisema kesho watapanda kwenye chipukizi. Huko ndiko aliko Kibibi! Kutembea hawezi. Akaushika ule uzi wa Mgeni, akauuma. Kacha! Kacha! Ukawa vipande vifupi.

Akagonga kilango cha jirani. "Jirani yangu, shika kipande hiki. Sokota vingine kama hiki, umpe wa mlango wa pili. Na ukiona uzi unaofanana nacho, ukate."

Jirani hakuuliza. Si ndiyo desturi? Akasokota, akapitisha pamoja na agizo lile. Mlango kwa mlango, mlango kwa mlango, hadi kwenye shina, panapopita chakula cha watoto. Vipande vikapanda na chakula, juu, juu, hadi kwa Kibibi.

Mgeni akafika, akapiga hodi, akatoa uzi wake. Kibibi akaulinganisha na kipande. Sawasawa. Kacha! Chumba cha pili, kacha! Cha tatu, kacha! Uzi ukamwishia Mgeni. Chipukizi likafunua jani la kijani, halina doa.

Bi Mwanasiti aliliona kutoka chini, akalia kwa furaha. Kisha jani lake likaanguka, pwata.

Kibibi akauliza vipande vile vimetoka kwa nani. Akaambiwa, "Vimetoka chini." Akachungulia chini. Pale pa mama palibaki kovu tu kwenye shina. Akawakumbatia vichanga wake, akalia.

Funzo ni hili: anayependa huwaonya wenzake kabla balaa halijafika, hata kama yeye hataokoka.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye jirani, amwambie jirani.