Geji Haijui Shikamoo

Geji haijui shikamoo. Mmeisikia leo gerejini mkacheka, sasa mnataka kujua imetoka wapi. Basi chanzo chake ni hiki.

Iringa palikuwa na fundi, Mzee Mgovano, aliyetibu injini kwa sikio miaka thelathini. Gerejini kwake hakuna aliyepima kazi ya mzee. Kuipima ilikuwa sawa na kumwita muongo.

Siku moja Semeni Kalinga akamletea gari la mashindano la marehemu baba yake, kuukuu lakini kali. Jumapili angeshindana nalo kupanda mlima, ila kwenye mwinuko lilikosa nguvu. Mzee akaichukua regyuleta, kile kidude kinachopunguza msukumo wa petroli kabla haijafika kwenye kabureta. Akatoboa kifuniko chake, akatia bolti ya kukandamiza springi, akakaza ili msukumo uongezeke. Injini ikanguruma mpaka mabati yakatetemeka.

"Umesikia hiyo, binti?"

"Nimesikia, baba. Sasa tufunge geji tuone presha inasoma ngapi."

Mzee Mgovano akahisi damu inampanda kichwani. Geji! Mbele ya mafundi wake!

"Nimefungua injini wewe bado unatambaa. Leo unikague kama mwizi wa kuku?"

"Shikamoo nimekupa asubuhi, na nyingine hii hapa, shikamoo. Lakini humo ndani nitakaa mimi."

Mafundi wakaanza kutazama viatu vyao. Mzee akaipachika geji mwenyewe kwa ghadhabu, ili amuumbue. Kabureta ile ilihitaji presha tatu. Mshale ukapita tatu, ukapita tano, ukatulia kwenye saba.

"Geji mbovu hii!" Akaletewa nyingine. Saba. Akaigonga, akaikodolea macho. Saba ileile, wala haikuona haya.

Hapo petroli ikafurika kwenye kabureta, ikachuruzika kuelekea bomba la moshi lililokuwa la moto. Semeni akaruka, akazima injini.

Mzee Mgovano aliwaza mlima, na binti wa watu ndani ya moto. Akaisonya geji, akamsonya Semeni, mwisho akajisonya mwenyewe. Akalegeza bolti hadi geji ikasoma tatu. Ile nguvu iliyokosekana, mtaniwia radhi, ilikuwa imenasa kwenye chujio la petroli lililoziba!

Wiki iliyofuata mteja mmoja akamwambia kwa adabu, "Kazi yako, mzee, nani wa kuipima?"

Mzee akafura upya. "Unataka kufa kwa heshima? Leta geji! Geji haijui shikamoo."