Kipande cha Kwanza cha Ndafu

Hapo zamani, wala si zamani ya majini na masultani, ni zamani ya juzi tu, milima ya Upare ilipata mbunge mwanamke. Jina lake Nakundwa. Watu wa kwao walivimba vichwa, na walikuwa na haki: yatima wa mashamba ya tangawizi, leo akisimama bungeni mawaziri wanakaa vizuri vitini.

Chama chake kikamwandalia chakula cha jioni, yeye mgeni rasmi. Sasa, huko kwao sherehe bila ndafu ni kikao tu. Mbuzi mzima huokwa, huingizwa ukumbini kwa vigelegele, na mgeni rasmi hukata kipande cha kwanza akamlisha mtu mmoja mbele ya wote. Mmoja tu! Kumlisha ni kumwambia: bila wewe nisingefika hapa.

Kabla ya siku hiyo, watu watatu walikutana sebuleni kwa Nakundwa.

Wa kwanza alikuwa Mama Naetwe, mdogo wa marehemu mama yake.

"Nilikuchukua hujaota meno," alisema. "Nimeteremsha tangawizi mlimani kwa kichwa mpaka utosi ukanyonyoka, ili wewe usome. Kama kuna kipande, mdomo wake ni huu."

Hapo hapakuwa na ubishi. Ila Mama Naetwe alikuwa mpinzani wa damu. Siku ya uchaguzi alimpigia kura mshindani wa Nakundwa, akarudi akamweleza mwenyewe, kisha akampikia makande. "Si mimi niliyekufundisha kusimama na unachokiamini?" alimwambia. Nakundwa alilia, akala, na moyoni akajivunia mama wa namna ile.

Wa pili alikuwa Bi Anaeli, mwanasiasa mkongwe ambaye chama kilitaka agombee yeye.

"Kiti kilikuwa changu, mdogo wangu. Nilikusikia ukitetea maji ya kijiji, nikasema huyu atatufikisha mbali kuliko mimi. Nikajitoa. Nikakushika mkono kijiji kwa kijiji, watu wangu wakawa wako. Taja mwingine aliyewahi kumwachia mwenzake kiti!"

Siasa zetu mnazijua.

Wa tatu alikuwa mumewe, Mbonea. Wakati wa kampeni alipika, akaogesha watoto, akajifunza hata kusuka nywele za binti yao. Vijiweni wakamwita Mke wa Mheshimiwa. Akacheka nao, ingawa ilimuuma.

"Mimi sidai kitu," alisema huku akimenya ndizi, kumbe anadai. "Ila ningekuambia rudi nyumbani, ungerudi. Sikukuambia."

Mwenyekiti wa chama, Mzee Kajiru, aliyekuwa amekuja kupanga sherehe, akamvuta Nakundwa pembeni. "Mheshimiwa, ukimlisha Naetwe umewalisha wapinzani mbuzi wetu. Uchaguzi ujao usinitafute."

Mama Naetwe alisikia. "Nitakuja," alisema, "na khanga ya chama changu. Sijawahi kujificha, sianzi uzeeni."

Na kweli alikuja. Ukumbi mzima ulivaa rangi moja, yeye peke yake na rangi yake, kichwa juu.

Ndafu ikaingia, majani mdomoni, vigelegele juu. Nakundwa akashika kisu, akakata. Mzee Kajiru akakohoa. Bi Anaeli alikaa wima. Mbonea aliinamisha macho, akitabasamu kidogo. Mama Naetwe hakutabasamu. Alimtazama mwanawe kama alivyomtazama siku ya kwanza alipovaa sare ya shule. Nakundwa alijaa fahari, maana wote watatu walikuwa wake. Akainua kipande.

Haya, ninyi mnaonisikiliza, msijifanye mmesinzia. Yuko aliyemlea akamnyima kura. Yuko aliyemwachia kiti. Yuko aliyechekwa kwa ajili yake. Kipande ni kimoja, na mkono wa Nakundwa uko hewani.

Je, nani alistahili kufungua mdomo?