Mbwa Halishwi Kama Fahali

Hadithi hii niliipata kwa mdomo, wewe unaipata kwa macho. Ukiwa na jirani anayelea kiumbe chochote nyumbani kwake, usikae nayo. Mpelekee.

Palikuwa na Mangi, mtawala wa upande mmoja wa mlima, na ng'ombe wake walilala juu, malishoni, karibu na msitu. Chui akawa anawapunguza. Mangi alikuwa na mbwa jike wa mbegu kubwa, yule ambaye akisimama kando ya mbuzi, unamtafuta mbuzi. Alipozaa, walipona watoto wawili tu.

Mangi akatangaza: watoto hawa nitawagawa kwa watu wawili wawalee. Mbwa atakayekua akaweza kupanda mlima na kukaa na ng'ombe wangu, mlezi wake nitampa mtamba aliye karibu kuzaa.

Wa kwanza kunyoosha mkono alikuwa Lyatuu. Nani asiyemjua Lyatuu? Fundi wa kunenepesha fahali. Fahali wake walikaa ndani ya banda, majani yanaletwa, maji yanaletwa, magadi yanaletwa, mpaka siku ya karamu wanatolewa wakiwa hawaioni miguu yao wenyewe.

Wa pili alikuwa Ndekira, mjane wa kaka yake Lyatuu. Ng'ombe wake pekee alikuwa amekufa, na watoto wake walikuwa wakinywa uji mtupu, bila tone la maziwa. Ndekira alimtaka yule mtamba hata usingizini. Watu wakacheka chini chini: mjane huyu atashindana na Lyatuu kulisha?

Lakini Ndekira alikuwa mtoto wa mfuga mbwa. Sauti ya marehemu baba yake haikumtoka masikioni: "Mbwa mdogo anakua kama mchicha. Mbwa mkubwa anakua kama mti wa mbao. Ukimharakisha, nyama inatangulia, mifupa inabaki nyuma, na nyama haijui kungoja."

Basi mbwa wake akamwita Majivu, kwa rangi yake. Akampikia ndizi za kuponda, utumbo uliochemshwa vizuri na nyama kiasi. Akampa kidogo kidogo, mara kadhaa kwa siku, kwa kipimo. Akila akamaliza, akatazama tena, hapati. Na kila asubuhi Ndekira alimpitishia mkono ubavuni. Mbavu zikionekana kwa macho, anaongeza chakula. Akizitafuta kwa vidole asizipate, anapunguza. Akizigusa kama fito chini ya udongo wa ukuta, anashukuru, anakwenda shamba.

Kwa Lyatuu mambo yalikuwa mengine. Mbwa wake, Kishindo, alikaa bandani kama fahali. Maziwa ya moto, mafuta, nyama bila kipimo. Tena Lyatuu alichoma mifupa, akaisaga, akachanganya na magadi, akamtilia kwenye maziwa ili, alisema, mbwa aote mifupa ya chuma.

Siku moja akasimama penye ua wa Ndekira.

"Shemeji, huyo mbwa unamlea au unamfungisha?"

"Namlea."

"Kwangu kuna unga wa mifupa. Njoo nikugawie, nina huruma mimi."

"Mifupa anayo, shemeji. Mwache aijenge mwenyewe."

Aliyemuumiza Ndekira zaidi ni mama mkwe wake. Unajua kwao ilikuwa hivi: chombo cha mlaji kikirudi kimelambwa, ni aibu ya mwenye nyumba, maana mlaji hakushiba. Na chombo cha Majivu kilirudi kinang'aa kila siku.

"Mwanangu," mama mkwe akamwambia, "nyumba hii haijawahi kuitwa nyumba ya choyo. Mshibishe huyo mbwa. Unatuvua nguo."

"Mama, mgeni anashiba akaenda kwake. Huyu anabaki hapa, na mzigo wa tumbo lake anaubeba kwa miguu yake."

Kusema ni rahisi. Jioni moja Majivu aliweka kidevu juu ya wayo wake, kando ya chombo kitupu, akamtazama. Mkono wa Ndekira ukaenda wenyewe kwenye chungu. Ukafika. Akakifunika chungu, akatoka nje.

Mangi akapita kuwaona wangali wanakua. Kishindo alikuwa kama ndama, manyoya yanameta. Majivu alikuwa miguu na masikio. Mangi akampapasa Majivu mbavu, akaondoka. Watu wakasema, mmeona, amemwonea huruma.

Ukafika wakati wa kupanda mlima. Kijiji kizima kikafuata. Kishindo alitangulia kwa mbwembwe, lakini njia ilipoanza kusimama wima, akakaa. Akainuliwa, akakaa tena, analia. Ndipo watu walipoitazama miguu yake ya mbele bila kuangalia manyoya. Ilikuwa imepinda kama upinde.

"Mangi," Lyatuu akasema, "ulinipa mbegu mbovu."

"Tumbo moja, Lyatuu. Mama mmoja, baba mmoja."

Majivu alikuwa amewapita wote; walimkuta huko juu. Alikuwa amelala katikati ya ng'ombe, masikio yameelekea msituni.

"Mtamba ni wako," Mangi akamwambia Ndekira. Kisha akawageukia watu wake. "Yule aliyebaki njiani amalizwe kwa mkuki. Tusimtese."

Waliposhuka walimkuta Lyatuu, na ubabe wake wote, ameketi chini kwenye majani, kichwa cha mbwa mapajani. Hakujitetea. Alikuwa anakipangusa vumbi kile kichwa kwa ncha ya shuka yake.

Ndekira akamtazama. Akasema, "Mangi, nipe na huyu."

"Kazi moja haina zawadi mbili, mwanangu. Kilema halindi ng'ombe wangu, na sitaki kusikia nimegawa mbwa wabovu. Chagua. Mtamba, au huyu."

Mama mkwe akamshika mkono. "Ndekira. Watoto."

"Watoto wamezoea uji mtupu, mama. Huyu hawezi kuuzoea mkuki." Akamgeukia Mangi. "Nipe mbwa."

Njia nzima ya kurudi hakuna aliyemsemesha, isipokuwa Lyatuu.

"Kwa nini, shemeji?"

"Kwa sababu hajakomaa. Kilichopinda kikiwa kibichi kinaweza kunyooka. Na kwa sababu hukumharibu kwa chuki."

Akamlaza Kishindo kwenye majani makavu. Magadi hakuna, unga wa mifupa hakuna, chakula kwa kipimo, matembezi mafupi mahali tambarare. Kila jioni Lyatuu alikuja na nyama iliyofungwa kwenye jani la mgomba, na kila jioni Ndekira alimrudisha nayo.

"Kipande kimoja tu, shemeji. Ananililia."

"Anakulilia, ndiyo. Na kesho atalia miguu. Rudi nayo."

Lyatuu akakasirika, akaacha kuja.

Kishindo akapungua. Mwili ukapungua, na miguu, ikiwa imetuliwa mzigo, ikaanza kujikusanya. Haikuwa kama ya Majivu, na haitakuwa. Lakini ilimbeba. Akazunguka boma, akabweka, na mwizi wa kuku aliyekuwa akiisumbua mitaa ile akatafuta mtaa mwingine.

Asubuhi moja Ndekira alisikia kwato uani. Akatoka. Palisimama mtamba, yule yule, tumbo limeshuka, siku zake zimekaribia. Kamba yake ilikuwa mkononi mwa Lyatuu.

"Mangi amebadili neno?" Ndekira akauliza.

"Mangi habadili neno. Nimempelekea fahali wangu."

"Yupi?"

"Yule wa karamu."

Watoto walikuwa wameshamzunguka mtamba, wanamshika pua. Mama mkwe alisimama mlangoni, mkono mdomoni. Lyatuu hakumtazama yeyote kati yao. Alikuwa anaangalia nyuma ya nyumba.

"Naweza kumwona? Sikumletea kitu." Akafungua viganja vyake viwili, vyeupe, havina hata harufu ya nyama. "Nimekuja mikono mitupu, shemeji."

"Leo ndiyo umemletea," akasema Ndekira, akamwita mbwa.

Kishindo akaja anatembea, kwa miguu yake mwenyewe.

Funzo: Mtoto wa mbwa mkubwa, kama kila kinachokua, hapendwi kwa kujazwa, hupendwa kwa kupimiwa, hata pale macho yake yanapokuomba zaidi.